Ridgeback kwa shamba la Nakuru na ploti ya Kisumu: unachouziwa na unachopata

Matangazo ya mbwa kuanzia Naivasha hadi Kisumu humnadi Rhodesian ridgeback, mbwa mwenye ukanda wa nywele zilizogeuka mgongoni, kwa sifa moja tu: mbwa wa simba. Mnunuzi akishasikia hivyo, picha inayomjia ni ya mnyama atakayemrarua mwizi getini. Anayeletwa nyumbani ni mwingine kabisa. Ni mbwa wa kuwinda, aliyezalishwa ili anuse, akimbize na ajiamulie mambo akiwa mbali na mwenyewe. Mchana hulala kibarazani, na hubweka kwa nadra. Kwa shamba lenye nafasi na ua mzuri huko Rongai, Subukia au Njoro, ni mbwa wa kupendekezwa bila kusita. Kwa ploti ya futi 50 kwa 100 pale Mamboleo, yenye wapangaji na geti ambalo kila mtoto huliacha wazi, ni pesa za bure na mateso kwa mbwa.

Tabia hiyo ina asili yake. Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa na mbwa wa kuwinda wenye nywele za mgongoni zilizoota kuelekea mbele, kinyume na nyingine zote. Walowezi wa Kizungu waliwachanganya na mbwa waliokuja nao kwa meli. Katika miaka ya 1870 mmisionari Charles Helm alipeleka mbwa wawili kutoka Swellendam, Afrika Kusini, hadi misheni ya Hope Fountain karibu na Bulawayo, Zimbabwe ya leo, na huko mwindaji Cornelius van Rooyen akawapandisha na mbwa wake. Alichotaka ni mbwa atakayemfuata simba, amfikie, kisha amzuie asiondoke mpaka mwenye bunduki afike. Kumuua simba haikuwa kazi yao, na hakuna mbwa anayeiweza. Wanaruka mbele, wanabweka, wanarudi nyuma, wanazunguka, na simba anabaki amesimama akihangaika nao. Mbwa wa kuuma na kung'ang'ania alikufa mapema. Aliyejua saa ya kurudi nyuma ndiye aliyeacha watoto.

Mwaka 1922 Francis Barnes aliandika kule Bulawayo maelezo rasmi ya kwanza ya mbegu hii, akifuata mpangilio wa yale ya mbwa wa Dalmatian, na mwaka 1926 South African Kennel Union ikayakubali. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, FCI, limemweka kwenye kundi la 6, la mbwa wa kunusa na jamaa zao. Si kundi la walinzi.

Mtu akiruka ukuta usiku, ridgeback aliyekomaa hufanya kilekile walichofanya babu zake: humwendea, husimama mbele yake, hubweka kwa sauti nzito, huingia na kutoka. Wezi wengi hawasubiri zaidi ya hapo. Lakini usitegemee kwamba ataudaka mkono na kuushikilia hadi soja aamke. Anayetaka kazi hiyo atafute German shepherd aliyefunzwa, pamoja na mtu anayejua kumwamuru. Na kusema kweli, kama haja yako ni kengele ya usiku tu, mbwa wa kienyeji mwenye afya anaifanya kwa robo ya chakula.

Maelezo ya FCI yanamtaka awe na heshima zake, mwerevu, asiyejipendekeza kwa wageni, bila ukali na bila woga. Hilo ndilo la kupima unapokwenda kununua. Omba kumwona mama kabla ya watoto. Akija taratibu, akakunusa, kisha akaenda zake kulala, hiyo ndiyo tabia. Akijificha chini ya pikapu au akikurukia kwa meno huku mwenyewe amesimama pale, kasoro iko kwenye damu au kwenye malezi, na watoto watakuwa wamerithi moja au kujifunza nyingine. Muuzaji anayejisifu kwamba dume wake hashikiki anakutangazia kasoro.

Kwenye mafunzo ndiko wengi humkatia tamaa. Anaelewa amri upesi sana, halafu anataka kujua faida yake ni nini. Fimbo haisaidii: akichapwa hawi mkali wala mtiifu, hujitenga tu, na siku ukimwita akiwa nje ya ua atakutazama bila kusogea. Kinachofanya kazi ni vipindi vya dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kabla ya kula, kwa vipande vya maini ya kuchemsha vya ukubwa wa punje ya mahindi. Anza na kuja akiitwa. Kwanza ndani ya nyumba, kisha uani, kisha nje ukiwa na kamba ya mita 10 iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, si shingoni, maana akifyatuka na kamba ikaisha ghafla shingo ndiyo itakayopokea kishindo. Usimwite ili umkaripie. Akikupuuza mara mbili, usiendelee kupiga kelele. Mfuate umshike, la sivyo jina lake litageuka kuwa sauti isiyo na maana. Kati ya miezi 8 na 18 atajifanya hajawahi kufundishwa lolote. Ni ujana, rudi kwenye kamba na uanze upya.

Na hata aliyefunzwa vizuri, akishaona swara anakimbia, hakuna filimbi itakayomrudisha. Hili ndilo tatizo litakalokugharimu kuliko mengine. Kinachokimbia hufukuzwa: kuku wa jirani, mbuzi, sungura, bodaboda. Mbwa anaweza kufunzwa kuwaacha kuku wa nyumbani akipelekwa kwao angali na wiki 8 hadi 14, kila siku, akiwa kwenye kamba, na akipewa ini kila anapogeuza macho kutoka kwao. Umri huo ukipita kazi inakuwa ndefu. Tena kuku wa kwenu hawamfundishi lolote kuhusu wa jirani.

Ukikaa karibu na uzio wa Hifadhi ya Ziwa Nakuru, msitu wa Menengai au mashamba makubwa ya Elementaita, kumbuka kwamba uwindaji umepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ni kali kwa anayekutwa na nyama ya porini. Mbwa akirudi na mguu wa swara mdomoni, wewe ndiye utakayejieleza kwa askari wa KWS, shirika la wanyamapori. Nyani nao si wa kuchezea: dume mzima ana chonge ndefu kuliko za mbwa, na ridgeback aliye peke yake hushonwa nyuzi, au hafiki kwa daktari. Kisumu, upande wa Dunga na kando ya Ziwa Victoria kwa jumla, hatari ni kiboko anayetoka usiku kula nyasi. Silika ya kumzunguka mnyama mkubwa na kumbwekea haikutengenezewa kiboko aliyekatiwa njia ya kurudi majini.

Kwa hiyo bajeti ya ua itangulie bei ya mbwa. Futi 6, yaani mita 1.8, ndicho kiwango cha chini. Ua wa futi 4 mbwa mzima anauruka bila taabu. Michongoma iliyokatwa vizuri hufaa mradi chini isiwe na mianya. Panapopita kuku leo, yeye atapapanua kesho, hivyo ziba kwa wavu wa chuma uliozikwa sentimita 30 ardhini. Seng'enge peke yake haimzuii, humchana tumbo na mapaja tu. Mnyororo usiufikirie: mbwa wa kukimbia akifungwa kutwa nzima hulia, huchimba, hujilamba miguu hadi vidonda, na ukali unaozuka hapo ni wa hofu, haumjui mwizi wala mtoto wa nyumbani. Mzima anahitaji saa moja ya mwendo wa nguvu asubuhi na nyingine jioni. Mtoto aachwe acheze kwenye nyasi na apumzike apendapo. Kumkimbiza kando ya baiskeli kwenye lami kabla hajatimiza mwaka na nusu ni kumharibia viungo.

Tuje sokoni. Kosa la kwanza la wanunuzi ni kuuamini mgongo.

Ukanda wa nywele huanza nyuma tu ya mabega ukiwa na vizunguko viwili vinavyotazamana, kisha hupungua upana hadi kwenye mifupa ya nyonga. Upana wake wa wastani ni kama sentimita 5, na vizunguko havitakiwi kushuka kupita theluthi ya urefu wa ukanda. Mwenye kizunguko kimoja au vitatu hafai maonyesho, ila shambani hana tofauti yoyote. Sasa lile wauzaji wasilolisema: jeni ya ukanda huu ina nguvu, nakala moja, ya baba au ya mama, inatosha kuuonyesha. Ridgeback akimpanda mbwa wa kienyeji, karibu nusu ya watoto, au wote, huzaliwa na mgongo uleule. Ukanda basi hauthibitishi kwamba mbwa ni wa mbegu safi. Na kukosekana kwake hakuthibitishi kinyume: wazazi wawili safi wenye nakala moja moja hutoa kwa wastani mtoto mmoja kati ya wanne asiye na ukanda. Huyo huuzwa kwa bei ya kutupa kana kwamba ni chotara. Kwa mtu asiyetaka maonyesho wala kuzalisha, ndiye wa kuchukua, kwa sababu ya pili ifuatayo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba ukanda hutokana na kipande cha kromosomu kilichojirudia, chenye jeni za jamii ya FGF zinazoongoza ukuaji wa seli, na kwamba mbwa mwenye nakala mbili ndiye aliye katika hatari zaidi ya sinasi ya demoidi. Hiki ni kimrija cha ngozi anachozaliwa nacho mbwa, kinachozama kutoka shingoni au mgongoni kuelekea uti wa mgongo. Uchafu hujikusanya ndani, usaha huota, na maambukizi yakifika kwenye utando wa uti mbwa hupooza au hufa. Asiye na ukanda huwa na hatari ndogo mno ya kasoro hii.

Ukaguzi wake hauhitaji mashine. Mtoto asimame juu ya meza. Shika ngozi ya shingo, ivute juu, iviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada, uende polepole kutoka nyuma ya kichwa hadi mabegani. Kisha endelea kuanzia mwisho wa ukanda hadi kwenye shina la mkia. Ngozi nzima huteleza na kuachia. Penye kasoro utahisi kitu kama uzi mgumu unaoivuta ngozi chini, pengine na kitundu kidogo chenye nywele chache zilizochomoza. Rudia kwa mkono wa pili, na usikubali kuharakishwa. Kasoro hii haitibiwi kwa sindano. Ni ya upasuaji, na mbwa huyo hatakiwi kuzalishwa. Mfugaji anayejua kazi yake atakuwa ameshakagua na atakuonyesha mwenyewe. Asiyejua unazungumzia nini, mshukuru uondoke.

Karatasi za usajili za East Africa Kennel Club ndizo zinazoonyesha wazazi ni nani. Cheti alichojichapishia muuzaji ni mapambo. Kadi ya chanjo iwe na stika zilizobanduliwa kwenye vichupa, tarehe, na muhuri wa daktari wa mifugo. Chanjo ya parvo (virusi vya kuhara damu) na wenzake huanza wiki ya 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki ya 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha kila mwaka. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili hadi wiki ya 12. Usimchukue kabla ya wiki 8, na usimpeleke sokoni wala kumweka chini kwenye uwanja wa agroveti kabla chanjo hazijakamilika: virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi.

Kuhusu ukubwa, FCI inataja dume wa sentimita 63 hadi 69 begani na kilo 36.5, jike sentimita 61 hadi 66 na kilo 32. Rangi ni ya ngano, kutoka iliyofifia hadi nyekundu. Weupe kidogo kifuani na vidoleni unaruhusiwa. Pua inaweza kuwa nyeusi au ya kahawia, na ya kahawia huenda na macho ya rangi ya asali, hivyo usidanganywe kwamba ni chotara. Ukiambiwa dume ana kilo 60, ama amenenepeshwa ama babu yake alikuwa boerboel, yule mbwa mzito wa ulinzi wa Afrika Kusini.

Chakula. Mzima wa kilo 35 anayefanya mazoezi anatosheka na gramu 400 hadi 500 za chakula kikavu kizuri kwa siku, katika milo miwili. Mtoto wa wiki 8 ale mara nne, wa miezi 4 mara tatu, wa miezi 6 kwenda juu mara mbili. Wengi wetu tutampikia ugali, na si vibaya mradi ugali usizidi nusu ya sufuria, na inayobaki iwe nyama, matumbo, mayai au omena iliyopepetwa na kuoshwa mchanga, bila chumvi. Unga wa mahindi yaliyoota ukungu, ule unaouzwa rahisi kwa jina la chakula cha mbwa, una sumukuvu, nayo huua ini la mbwa polepole hadi macho na fizi zinapogeuka njano. Kisumu kuna mgongo wazi wa mbuta (mifupa inayobaki minofu ikishakatwa) wa bei nafuu, na ndio unaopeleka mbwa wengi kwa daktari na mwiba kooni. Chemsha, kwangua minofu, mimina supu, tupa mifupa. Mtoto anayekula chakula cha kutosha usimwongezee unga wa madini ya ng'ombe ili eti akue haraka. Kalisiamu ikizidi mifupa yake hukua vibaya, naye akapinda miguu ya mbele.

Ni mlafi kupindukia. Atafungua mlango wa jikoni kwa mguu na kula unga mkavu. Kwa sababu hiyo mbinu ya wezi ya kutupa nyama yenye dawa humpata kirahisi kuliko mbwa wengine, na mafunzo ya kula kwenye sahani yake tu hupunguza hatari bila kuiondoa. Usiku alale karibu na nyumba, si ukutani upande wa barabara.

Ulafi huo una hatari ya pili: tumbo kujaa gesi na kujipinda. Asikimbizwe saa moja kabla na saa moja baada ya kula. Ukiona tumbo limevimba na kukaza, anataka kutapika na hakitoki kitu, anazungukazunguka bila kulala, hilo si la kusubiri asubuhi. Uwe na namba ya daktari anayepokea simu usiku kabla hujaleta mbwa nyumbani. Ukiwa Rongai au Muhoroni, piga hesabu ya muda wa kufika kwake pia.

Joto la Kisumu analivumilia akipata kivuli na maji, ila mazoezi yawe kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Baridi ya Molo na Mau Narok ndiyo humtesa, kwa kuwa hana manyoya ya ndani. Kitanda cha mbao kilichoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, chenye godoro au magunia makavu, humlinda pia na sugu za viwiko zinazotokana na kulala kwenye saruji.

Kupe ndio adui wa kila siku huku kwetu. Mkague kila jioni ndani ya masikio, kwapani na kati ya vidole. Tumia dawa iliyoandikwa kuwa ni ya mbwa, kwa uzito wake. Ile ya kuogeshea ng'ombe ikipimwa kwa macho humlegeza na kumtetemesha. Homa ya kupe hujionyesha kwa kukataa kula (kwa mbwa huyu hiyo peke yake ni dalili), fizi kupauka, joto kupita nyuzi 39.5 na mkojo wa rangi ya chai isiyo na maziwa. Akiwahiwa kwa sindano ya imidokabu hupona vizuri. Kwa walio bonde la Lambwe na sehemu nyingine zenye mbung'o kuna nagana pia: mbwa hukonda huku anakula, tezi huvimba, na macho huingia ukungu mweupe wenye ubuluu. Ukungu huo wengi huudhania ni wa kuchomwa na jani na kuutilia dawa ya matone. Daktari achukue damu siku hiyohiyo aipime kwa hadubini, kwa maana imidokabu ya homa ya kupe si tiba ya nagana.